Mbuzi Watatu wa Bishkek

Bishkek, 4 Aprili 1999

Kwa Dada Mbinya,

Salamu nyingi kutoka huku. Nilifika mzima isipokuwa masikio, ambayo siku tatu za kwanza sikuyasikia kabisa kwa sababu ya baridi. Mama yetu, Mwaitu, hajambo? Na mguu wake? Mwambie ile sweta yake ya zambarau naivaa kila siku, na chini yake nimevaa nyingine mbili, kwa hivyo akiona picha asiseme nimenenepa. Ng'ombe amezaa? Baba mdogo Nzuki bado anatawala ukoo peke yake?

Kazi ni nzuri. Tuko wanane kutoka nchi mbalimbali, sote watu wa mifugo, na tunafundishwa kutengeneza chanjo ya mbuzi na kondoo. Mafunzo ni mpaka Novemba. Mkubwa wetu wa maabara anaitwa Bakyt. Nilipouliza maana ya jina hilo nikaambiwa ni Bahati. Sasa wewe mwalimu wa Kiswahili, hebu sikiliza: hawa watu kitabu wanakiita kitep. Saa ni saat, akili ni akyl, habari ni kabar. Na mwalimu, usicheke, ni mugalim. Nimeruka siku nzima na usiku mzima kuja mwisho wa dunia, nikakuta maneno yako yamenitangulia. Taabu iko kwenye yale mengine yote yaliyo katikati.

Kila Jumamosi natoka kuutembea mji. Barabara zimenyooka kabisa, zina miti mirefu pande zote mbili, na kwa mbali unaona milima yenye theluji. Kando ya kila barabara kuna mfereji wa maji safi yanayotoka huko milimani, yanatiririka tu, hakuna anayeyateka. Nilisimama nikautazama mmoja mpaka polisi akaja kuniuliza karatasi zangu. Ningemwambiaje kwamba kwetu Mwala tunachimba mchanga wa mto kwa sufuria ndipo tupate debe moja? Nikamwonyesha pasipoti, akaitazama upande wa juu chini, akaniamkua kwa saluti.

Majumba yao ya ghorofa yote ni pacha. Wiki jana nilipanda hadi mlango wangu, nikaingiza ufunguo, mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mzee aliyevaa fulana. Tulitazamana. Kisha akaniingiza, akanipa chai na mkate, na baada ya saa moja akanipeleka jengo la pili, ambalo ndilo langu.

Msalimie Wavinya. Kuhusu lile jambo la Mzee Mutinda, tutaongea nikirudi.

Mdogo wako,
Mutiso


Mwala, 3 Mei 1999

Kwako Mutiso,

Pokea salamu za watu wote wa hapa. Barua yako imekaa njiani siku ishirini na sita, na kuna mtu aliyeifungua akaibandika tena, pole yake. Mwaitu hajambo, mguu ni uleule, amekataa hospitali na amekataa pia kunyamaza. Ng'ombe amezaa dume. Tumepanda mbaazi na mahindi, mvua ikanyesha siku nne ikaona imetosha.

Barua niliisoma kwa sauti Jumapili baada ya kanisa kama kawaida, maana Mwaitu hataki kusimuliwa, anataka kusomewa. Watu walikuwa kumi na wanne. Baba mdogo Nzuki alitaka kujua kwa nini maji yanapita barabarani na watu wenye akili zao wanayaangalia tu. Nikamwambia nitakuuliza. Sikuulizi.

Sasa tuache mchezo. "Lile jambo la Mzee Mutinda" lina jina lake, linaitwa ntheo. Ni mbuzi watatu, na kutoka mlango wetu hadi mlango wa kina Wavinya ni hatua mia nane, nimezihesabu mwenyewe. Wasipofika, mwanamume wa Kikamba hajaoa hata kama amekaa na mtu miaka ishirini. Wakifika, mmoja akachinjwa na kuliwa, ameoa hata akikana. Hilo unalijua tangu ukiwa na meno ya utotoni.

Mara ya kwanza lori la kukuleta nyumbani liliharibika. Mara ya pili ukashikwa na malaria, malaria ambayo iliisha jioni ileile wazee walipotawanyika. Mara ya tatu ukaja na barua ya safari ya kikazi. Najua babake Wavinya, Mzee Mutinda, alikuwa hedimasta wako, na fimbo yake naijua kwa sababu nami ilinipitia. Lakini una miaka thelathini na mitatu, Mutiso. Wavinya ana ishirini na tisa na amekungoja minne. Mzee amesema mbele ya watu: mbuzi wasipoingia kwake kabla ya Krismasi, usikanyage tena lango lake.

Wavinya alipita jana na kibuyu cha maziwa ya Mwaitu. Akauliza, "Ameandika?" Nikasema ndiyo, anakusalimu. Akasema, "Tu?"

Nikajibu, tu. Niliona aibu kwa niaba yako.

Dada yako,
Mbinya


Bishkek, 30 Mei 1999

Dada Mbinya mpenzi,

Salamu kwa Mwaitu, baba mdogo, na dume jipya la ng'ombe. Mie sijambo. Baridi imekwisha, sasa ni joto, sweta nimezikunja. Nimekunywa maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa. Yanauma ulimi kidogo kisha yanakuchangamsha, na baada ya bakuli la tatu nilikuwa nakielewa Kikirigizi chote.

Nina kisa cha kuwachekesha hapo nyumbani, uwasomee. Bakyt alinialika kwake Jumapili. Nikasema siendi mikono mitupu. Asubuhi nikaenda mnada wa wanyama ulio nje kidogo ya mji. Huku mnyama ni kondoo, wamejaa kama mchanga, na mkia wa kila mmoja ni mto wa mafuta. Mimi nikatafuta mbuzi. Nilizunguka saa mbili nzima nikapata watatu kwa mama mmoja, ambaye nadhani alishangaa kuliko mbuzi wenyewe.

Basi lao la umeme halipakii mbuzi, hilo nilielezwa kwa sauti kubwa. Nikawafunga kamba na tukatembea. Dada, nimeuona mji huu vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Tulipita chini ya mialoni, tukapita uwanja mkubwa wenye sanamu la mtu aliyenyoosha mkono kana kwamba anatuonyesha njia, na mbuzi mmoja akala maua ya serikali. Polisi akataka vyeti. Nikampa changu. Akaonyesha mbuzi kwa kidole. Nikamwambia kwa Kirusi changu kibovu kwamba mimi ni daktari wao, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Kila mfereji walisimama kunywa maji, na bibi mmoja aliyekuwa akiuza mbegu za alizeti akaniuliza kama natoka sarakasi.

Bakyt anakaa ghorofa ya nne na lifti ilikufa zamani. Nikawapandisha mmoja mmoja, nikabisha, mwanamke akafungua, akatazama mbuzi, akanitazama mimi, akafunga. Halikuwa jengo lenyewe. Tukashuka, tukapanda jingine. Huko tulipokewa vizuri sana. Wawili walikaa barazani wakiangalia mji, mmoja akachinjwa uani, tukala na majirani, na mimi nikapewa kichwa kwa heshima.

Naweka na picha. Aliyesimama kando yangu ameshika kamba ni Aizada, binti wa Bakyt.

Wako,
Mutiso


Mwala, 27 Juni 1999

Mutiso,

Mwaitu hajambo. Wengine sote tuna jambo.

Ulisema niwasomee, nikawasomea. Jumapili, watu ishirini na mmoja, na Wavinya ameketi karibu na mlango kwa sababu alikuwa amekuja na maziwa na Mwaitu akamkazia abaki asikilize. Nilianza kwa sauti nzuri. Wakacheka maziwa ya farasi. Wakacheka bibi wa alizeti. Nilipofika kwa binti wa picha, baba mdogo Nzuki akainua mkono.

"Ngoja hapo, Mwalimu. Hizo mbuzi zilikuwa ngapi?"

"Tatu, baba."

"Alizipeleka mwenyewe? Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mpaka kwa mlango ya mzee ako na msichana?"

Hapo nikaona tunakoelekea nikataka kukunja karatasi. Akasema, "Na moja ikachinjwa. Na ikakuliwa."

"Ikaliwa," nikasema.

"Basi hakuna maneno. Huyu kijana ameoa."

Picha ikazunguka. Unajua umevaa koti, Mutiso? Koti la harusi ya binamu yetu Mutindi. Na huyo msichana amejifunga kitambaa cheupe kichwani na anacheka meno yote nje. Ilipomfikia Wavinya aliiangalia muda mrefu, akampa jirani yake, akachukua kibuyu chake na kwenda. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kumwambia.

Mzee Mutinda alikuwa na habari kabla maji ya chai hayajachemka. Amesema neno moja tu: "Amenipita."

Nijibu hili kwanza kabla ya salamu. Nchi iliyojaa kondoo, kwa nini ulitafuta mbuzi saa mbili? Na kwa nini watatu?

Mbinya


Bishkek, 18 Julai 1999

Dada,

Salamu baadaye, kama ulivyotaka. SIJAOA. Andika kwa herufi kubwa ubaoni na watoto wa darasa la saba wanakili.

Aizada ana mume. Ana mume na mtoto wa mwaka mmoja. Unajua mume alikuwa wapi? Ndiye aliyeshika kamera! Kitambaa cheupe anavaa kwa sababu ni mke wa mtu. Anacheka kwa sababu mbuzi alikuwa anatafuna mshipi wangu, ukitazama vizuri chini kushoto utaona pembe. Koti nilivaa kwa sababu ndilo koti nililo nalo.

Barua yako ilipofika sikuweza kungoja wiki nyingine tatu. Nilikwenda posta kuu, nikasimama foleni tangu asubuhi, nikapiga simu dukani kwa Diriye pale Machakos mjini, maana namba yake ndiyo pekee niliyoikumbuka kutokana na kazi ya chanjo. Nikamwambia, "Mwambie Mbinya mimi sijaoa, ilikuwa zawadi, ni mbuzi watatu tu." Laini ilikuwa inakatikakatika lakini naamini alisikia.

Msomee Wavinya barua hii. Hapana, usisome mbele ya watu wote. Msomee yeye. Au mpe asome mwenyewe. Mwambie, sijui, mwambie namsalimu sana.

Mutiso

Nyongeza: mbuzi huku ni rahisi kubeba kuliko kondoo. Ndiyo sababu.


Mwala, 8 Agosti 1999

Mutiso,

Barua yako ya Julai haijafika, lakini Diriye alifika. Alikuja mwenyewe kwa pikipiki yake kutoka mjini, akashuka, akanipa mkono wa pongezi na kilo mbili za sukari.

"Kijana amepiga simu," akasema. "Sauti ilikuwa mbali, lakini nimesikia vizuri. Amesema, 'Mwambie Mbinya nimeoa. Ni mbuzi tatu tu.' Mwalimu, hongera. Mimi nafanya biashara ya mifugo miaka ishirini, hiyo ni nafuu sana."

Mwaitu alikuwa pale. Alimkaribisha chai yenye hiyo hiyo sukari yake, akaenda kulala mchana, jambo ambalo sijaliona tangu baba yetu afariki.

Wazee wakaitwa. Wamekaa siku mbili chini ya banda la Nzuki na uamuzi wao ni huu, nakuandikia kama walivyousema. Kwa sheria ya Kikamba una mke huko. Wavinya ukimtaka atakuwa wa pili. Isipokuwa ndoa ya kwanza ivunjwe, na inavunjwa kwa njia moja: mzee wa yule msichana akurudishie mbuzi mmoja, mbuzi ya ulee, yaani ya kukataana, na wewe umpokee kwa mkono wako mbele ya mashahidi. Wakataka na picha. Picha ndiyo iliyokuoza, Nzuki anasema, picha ndiyo itakayokuachanisha.

Nikamwuliza Wavinya kama angekubali kuwa wa pili. Nilitaka tu kumchekesha. Akaniambia, "Siwezi kuwa wa pili hata kwa makosa."

Nina hasira nawe, mwana wa mama, na nina huruma, na vyote viwili vinanichosha. Tafuta huyo mbuzi.

Mbinya


Bishkek, 29 Agosti 1999

Dada mpenzi,

Naandika kwa taabu kwa sababu ya shibe.

Nilimpelekea Bakyt habari hiyo maabara, kwa Kirusi na kwa mikono. Nilisema, "Tafadhali naomba unirudishie mbuzi mmoja ili nisiwe mume wa binti yako." Kisha akatoka nje, na kupitia dirisha nikamwona ameinama ameshika magoti, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia.

Mama yake hakucheka. Ana miaka themanini na moja, wanamwita Apa, na ndiye mwenye kauli pale ghorofa ya nne. Aliuliza maswali mengi, na mume wa Aizada, yule mwenye kamera, akanitafsiria. Alisema jambo lenu analielewa kabisa, hata kwao mifugo ndiyo inayozungumza kwanza. Atanirudishia mnyama. Lakini mbuzi hapana! Kumpa mgeni mbuzi ni kumtukana, na wale watatu wa kwanza waliwapokea kwa sababu tu walinionea huruma. Mgeni wa heshima anapewa kondoo dume.

Nikamwambia Apa, nakuomba, lazima awe mbuzi. Akasema, "Ukiwa nyumbani kwangu hutakula mbuzi mara mbili." Nikamwambia simli, nampokea tu. Akashangaa. Kondoo asiyeliwa ni wa nini?

Basi Jumapili nimepewa kondoo dume mwenye mkia wa kilo nane. Nimempokea kwa mkono wangu mbele ya mashahidi kumi na saba. Picha ni hii. Dakika kumi baadaye akachinjwa, na nikapewa kichwa tena, na safari hii sikio nikampa mtoto wa Aizada kama wanavyofanya wao.

Wazee watakubali? Dada, waambie nia ilikuwa ya mbuzi.

Mutiso


Mwala, 19 Septemba 1999

Ndugu yangu Mutiso,

Mwaitu ameanza kula. Mbaazi zimeshika, mahindi yamekufa. Barua yako ya Julai imefika pamoja na ya Agosti siku moja, kwa hivyo tumejua kwamba hujaoa na kwamba umeachana kwa mpigo mmoja.

Habari ya mume mwenye kamera niliisoma barazani kwa Nzuki. Wazee wakatazamana. Nzuki akasema, "Hata mimi ningesema hivyo." Habari ya kondoo ndiyo iliyowashinda. Nusu wanasema mnyama ni mnyama. Nusu wanasema kondoo hajawahi kuachanisha mtu tangu Ukambani kuumbwe. Na mmoja akauliza, "Lakini huyo kondoo iko wapi?" Nikasema ameliwa. "Nani amemkula?" Nikasema wewe, pamoja nao.

Nzuki akavua kofia. "Mtu anakula mbuzi yake ya kuachana? Na wakwe? Si hiyo ni kuoa mara ya pili?"

Nilicheka, Mutiso. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Nikamkuta Wavinya amesimama nyuma ya banda, alikuwa amesikia yote, na hakucheka. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sijali kondoo, na mume wa yule dada nimemwamini. Nataka kujua kitu moja. Muulize kwa nini tatu. Mtu hatembei mji mzima na mbuzi tatu bure. Kama alikuwa anapenda mtu huko, aseme tu. Mimi nitaenda kwa shangazi yangu huko Ekalakala nianze maisha yangu."

Nimekuuliza mara ya kwanza Juni. Ukanijibu kwamba mbuzi ni rahisi kubeba. Mimi nimekulea, Mutiso, uongo wako naujua kwa harufu. Andika ukweli, uwe wowote, kisha uache mwanamke huyu ajue la kufanya. Novemba iko hapa na Krismasi iko nyuma yake.

Mbinya


Bishkek, 10 Oktoba 1999

Dada Mbinya,

Hii usiisome kwa sauti. Nakusihi kwa jina la Mwaitu.

Huku majani yameanguka yote na mifereji imejaa majani. Nimetembea mji tangu asubuhi nikitafuta jinsi ya kuanza. Nimezunguka ule uwanja wa sanamu mara tatu, na bibi wa alizeti amenipa mbegu bila mimi kuomba, nadhani uso wangu ulikuwa mbaya.

Hakukuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nafanya mazoezi.

Lori halikuharibika, Dada. Malaria haikuwepo. Hii safari niliiomba mwenyewe, nikaandika barua mbili kuiomba, kwa sababu siku ya kupeleka mbuzi ilikuwa inakaribia. Kila nikifikiria kusimama mbele ya Mzee Mutinda na kusema yale maneno, ulimi unakauka na ninakuwa na miaka kumi na mbili nimenyoosha kiganja. Nampenda Wavinya mpaka inaniuma, na kwa miaka minne nimeshindwa kutembea hatua mia nane. Naona aibu hata kuiandika.

Bakyt aliponialika nikajiambia: hapa hakuna anayenijua. Hapa naweza kushindwa. Nikatafuta mbuzi watatu, nikavaa koti, nikatembea nao nikiyarudia maneno njia nzima. Yule polisi alinisimamisha nikiwa naongea na mbuzi kwa Kikamba. Nilipofika mlangoni Apa ndiye aliyefungua, na ana macho ya Mzee Mutinda, yaleyale ya kukupima. Lakini nikayasema. Nilisema kwa Kikamba, wima, bila kukwama: "Mimi ni Mutiso, mwana wa Maundu wa Mwala. Nimekuja na mbuzi hawa watatu kwa ajili ya binti yenu Wavinya, kwa sababu ndiye ninayemtaka, na simtaki mwingine."

Apa hakuelewa hata neno moja. Lakini alinitazama, akafungua viganja vyake, akaomba dua ndefu kwa Kikirigizi, na wote waliokuwa ndani wakajipangusa nyuso kama wanavyofanya wao badala ya kusema amina. Nilishuka kwenda uani nikalia kidogo. Nilifurahi mno, Dada. Nilijua sasa naweza.

Kisha nikaandika kisa chote kama mchezo na kuacha hicho tu.

Ndege yangu ni tarehe ishirini na saba Novemba. Wavinya akienda Ekalakala mwache aende, ana haki. Nitakuja hata hivyo.

Mutiso


Mwala, 31 Oktoba 1999

Mutiso wa Maundu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mvua ya vuli imeanza vizuri na mguu wa Mwaitu unasema itaendelea.

Sikuisoma kwa sauti. Niliisoma mara moja peke yangu jikoni, nikalia, nikajipangusa. Kisha nikaenda kwa kina Wavinya nikampa. Alikuwa ameshafunga mzigo wake. Alisoma amesimama. Alipomaliza alirudi mwanzo akasoma tena, halafu akaingia ndani na barua akampa baba yake, na mimi nikabaki uani na kuku nikiwa nimeshika moyo.

Mzee alikaa nayo nusu saa. Alitoka nayo mkononi, amevaa miwani, na kumbe ameshika kalamu nyekundu. Amekusahihisha makosa manne. Pale ulipoandika kwamba unakuwa na miaka kumi na mbili umenyoosha kiganja amepiga mstari, na pembeni hakuandika kitu.

Akaagiza Nzuki aitwe. Nzuki akaja na wazee wake wawili na hoja yake ya kondoo. Mzee Mutinda akamnyamazisha kwa kidole kama tulivyokuwa tukinyamazishwa sisi.

"Nzuki, mtu akipeleka ntheo, anasema jina ya msichana ama hasemi?"

"Lazima aseme."

"Huyu alisema jina gani?"

Nzuki akapewa barua. Akaisoma polepole na midomo. "Amesema Wavinya."

"Mashahidi walikuwako?"

"Wamejaa nyumba."

"Wakabariki?"

"Inaonekana walibariki sana."

"Basi hiyo ntheo ilikuwa ya msichana yangu. Ni mbuzi zangu hizo," akasema Mzee Mutinda. "Zimepelekwa kwa boma ya mtu mwingine, na huko ghorofani wamezikula. Mwambieni alete zingine, na safari hii asipotee njia."

Akaingia ndani akafunga mlango. Tulimsikia akicheka huko ndani, Mutiso. Mimi nimesoma kwake miaka saba na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuisikia sauti hiyo.

Tarehe ni kumi na moja Desemba, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mbuzi nimeshawachagua. Barua yako sina, Wavinya amekataa kuirudisha.

Leo asubuhi amekuja na maziwa. Miaka yote huwa anabisha akisema, "Mwalimu, hodi." Leo alisimama mlangoni akasema, "Wifi, hodi."

Nikamwambia karibu.

Dada yako,
Mbinya